Inapita au Imekwama

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu katuwekea mchezo kwenye simu, mimi na mama yake, dada yangu. Anasomea uuguzi, kwa hiyo anatuona wote wagonjwa. Unaonyeshwa mshipa mwembamba ndani ya ubongo wa panya. Unasukuma picha kwa kidole, mbele na nyuma. Vivuli vya damu vikisogea, bonyeza INAPITA. Kivuli kikiganda palepale, IMEKWAMA. Basi! Wanasayansi wana picha nyingi kuliko macho, na kompyuta inababaika, ndiyo maana wanatuomba sisi. Wanatafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau. Ule uliommaliza Mama.

Mimi ni fundi friji. Mabomba yaliyoziba ndiyo yanayonilisha. Nikamwambia huyo panya amlete karakana.

"Mjomba, panya alishakufa zamani."

Kafa — na damu inapita.

Jumatano, 5 Machi
Simu ya Dada imejaa picha za mahafali ya watoto wa watu, mchezo haukuingia. Tunatumia yangu, kwa jina moja. Mchana anacheza yeye, fotokopi zikipungua kwenye duka lake la hapa barazani. Jioni mimi. Tunacheza kwenye kiti cha Mama. Hatukupanga, ila mwanga wa dirishani uko pale. Mstari wa pembeni umejaa, kijani kibichi. Pointi zinapanda. Dada anasema zote ni zake. Na aseme.

Jumamosi, 8 Machi
Leo mpwa kaueleza ule mstari. Kumbe katikati ya picha mpya wanachomeka zenye majibu yanayojulikana, kulipima jicho lako. Ukizikosea, mstari unashuka. Wetu umefika nusu. Rangi ya ndizi iliyoiva.

"Kati yenu kuna mtu anabonyeza ovyo," akasema, anacheka.

Hatukucheka. Mama alianza na vitu vidogo. Alikuwa akifungua friji na kuyakazia macho mayai, kama mtu anayesoma barua. Daktari alituambia ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo. Alisema hivyo akitazama dari.

Jina moja, vidole viwili. Ni nani anayekosea?

Jumapili, 9 Machi
Dada katia chumvi kwenye chai! Nimekimbilia kuandika, kama askari aliyemdaka mwizi.

Baadaye nikakumbuka: makopo ya sukari na chumvi niliyajaza mimi, jana.

Jumatano, 12 Machi
Tunachungana kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Asubuhi kaniuliza, eti kwa bahati tu, leo tarehe ngapi. Nikamjibu hadi mwaka. Kisha nikamwuliza mume wa kwanza wa shangazi aliitwa nani.

"Unanipima?"

"Nani kaanza?"

"Nyani haoni kundule, fundi."

"Ndiyo maana manyani tuko wawili. Nitazamie langu, nikutazamie lako."

Akacheka hadi akashika meza. Nami nikacheka. Kisha kikasikika kicheko cha Mama, kile cha kukatika katikati kama pampu iliyomeza hewa. Sijui kilitoka mdomoni mwa nani. Dada akaenda kuzima mashine ya fotokopi ambayo haikuwa imewashwa.

Mstari umeshuka tena.

Ijumaa, 14 Machi
Mteja karudisha friji. Nilifunga kila kitu, nikapaka hata rangi mlangoni — gesi sikutia. Nikamwambia ni hitilafu ya kiwandani. Fundi yeyote husahau. Asiposahau, mteja atarudi na nini?

Dada sijamwambia. Mficha maradhi... Mwisho wa methali hiyo naujua. Siuandiki.

Nikifumba macho, naona vivuli. Vinapita, vinapita.

Jumapili, 16 Machi
Mpwa kachoka na ubishi wetu. Kafuta mahafali yote kwenye simu ya mama yake na kumfungulia jina lake mwenyewe. Kila mtu na mstari wake. Tukakaa sebuleni, yeye katikati kama refa.

Dada akacheza kimya. Nikachungulia: mstari wake unapanda, unapanda, kijani. Nikasubiri majigambo. Akaifunika simu pajani haraka.

"Vipi?"

"Aa, simu za siku hizi zinadanganya tu."

Dada! Dada aliyedai hadi pointi zangu!

Ikaja zamu yangu. Mshipa mmoja mrefu, na kivuli katikati. Nikasukuma mbele, nikasukuma nyuma. Imekwama, nikasema. Mpwa akamtazama mama yake. Dada akaja nyuma yangu, akanishika kidole kama zamani aliponifundisha kuandika, akakisukuma polepole juu ya kioo.

"Mdogo wangu, tazama vizuri. Si unaiona inavyopita?"

Nimewaambia nakwenda chooni. Naandika nimesimama, daftari juu ya beseni. Kule sebuleni wanaongea kwa sauti ya chini, ile ile tuliyoitumia Mama akiwa chumba cha pili. Simu ninayo. Nasukuma mbele. Nasukuma nyuma. Kimeganda, naapa kimeganda.

Dada anagonga mlango. Anagonga kwa upole. Maisha yake yote hajawahi kunigongea kwa upole