Nyayo Zilizogeuka Mlangoni

Kaka,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo dereva anayetuletea chakula cha kuku atakupa barua hii mkononi.

Paa tumeziba. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku lako la nguo.

Kuku wananenepa na wanataga vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Bwana mifugo alipima kinyesi cha banda la pili akakuta bakteria. Anasema kuku mwenyewe haumwi. Anayeumwa ni mla yai. Wewe ukasema niyauze upesi, nani atajua. Sijauza hata moja.

Unalikumbuka karai la marehemu Baba, lile la dawa ya kuua vijidudu vya viatuni? Hata shehe na padri walikanyaga kwanza ndipo waingie bandani. Mabuti yake bado yananing'inia msumarini, na kila asubuhi nayakuta yanachuruzika dawa. Nyayo mbichi huingia banda la kwanza na la tatu. Kwenye la pili hufika kizingitini, zikageuka. Zilianza kugeuka hata kabla ya vipimo, nikadhani ni macho yangu.

Jumapili ulipokuja ulimkaangia Mama mayai, kiini bado kibichi. Sikukuuliza umeyaokota banda gani.

Mama anakusalimu. Anasema tumbo linamsokota kidogo tu. Natafuta gari nimpeleke hospitali, maana leo nyayo zimeingia ndani ya nyumba. Zimefika mlangoni kwake, zikageuka.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemwita mwoga