Gita Lako Limekombolewa

Baba Shija,

Shikamoo. Leo usipoitikia sitakununia. Kalamu sijui kuishika, naongea tu, mwanao Shija anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Tulikuzika vizuri. Ila mtani wako Masanja, huyo Msukuma wako wa Choma uliyepiga naye muziki tangu ujana! Udongo haujakauka, akachukua gita lako, akalibeba mgongoni kwa kanga yangu kama mtoto, akatangaza kuwa asipopewa mbuzi wa kulikomboa anakwenda kuchungia nalo ng'ombe. Watu walicheka, msiba ukapumua. Hata mimi.

Jioni akanijia bila utani. Akasema bendi imekufa na wewe. Wale wa santuri wakirudi na mashine yao ya kurekodi, waambiwe wimbo uliobaki haupo. Wimbo wa babu yako mpagazi, Baba Shija! Ule uliouweka makusudi ufunge sahani yenu ya mwisho ya santuri. Mlihamishiwa vijiji mbalimbali vya ujamaa, mkawa mnatafutana kwa baiskeli mje kufanya mazoezi ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, halafu leo huzuni ya Masanja ikuzibe mdomo?

Nikamwambia, "Shemeji, umebeba mtoto wa watu, sasa mlee. Mbuzi utampata wimbo ukiisha."

Akauliza nani ataimba. Nikasema mimi. Akanitazama, akasema sauti yangu ni mlango wa bani. Nikamjibu kwamba wewe ulikuwa unaimba puani miaka yote na hakuna aliyekufa.

Wale wa santuri wakaja, tukapiga. Tulipofika pale wapagazi wanapotua mizigo, pale ulipozoea kuvuta pumzi kwanza, mimi nikanyamaza. Sikusahau maneno. Nilikuwa nakungoja wewe. Masanja akazungusha mapigo yaleyale ya nyuzi, akazungusha tena, machozi yanamdondoka juu ya gita, mpaka nikaingia.

Wenye mashine wakataka turudie, eti pana pengo. Nikawaambia hilo si pengo, hapo ndipo alipo mwenye wimbo. Wakaacha.

Mbuzi kaliwa. Masanja mchoyo, hata mguu hakutuachia. Gita liko ukutani kwangu, na wajukuu nawafundisha huo wimbo wote, pamoja na kile kimya chako. Atakayekiruka atalala na njaa.

Basi tua mzigo, mume wangu. Wangu bado niko nao kichwani, na nitaufikisha nikiimba.

Mkeo,
Mama Shija