Herufi Moja Mkononi

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kubana? Mimi mzima, mgongo tu ndio umeamka vibaya. Baba yako mdogo anakusalimu sana.

Picha imefika. Umependeza, ingawa umekonda. Hila mwanangu, kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, naona kitu cheusi. Nimeifuta picha kwa pindo la nguo nikidhani ni uchafu. Hakitoki. Umeungua na pasi? Wamekuchanja? Kama ni ugonjwa niambie, usinifiche kama ulivyonificha ile homa.

Kazini ni shuka zilezile za wodi zote, na mashine kubwa imekufa, kwa hiyo tunakamua kwa mikono. Nimechoka hila nipo. Jibu upesi, roho haijatulia.

Mamako

21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Kifua kimepona, na wala sijaungua. Ni tatuu, Mama. Kaa chini kwanza ndipo uendelee.

Unavikumbuka vile vitabu vya Panzi Fundi Viatu? Ulikuwa unaniletea kimoja kimoja, vimeng'oka majalada, kutoka kwenye kapu la wodi ya watoto. Jongoo anakuja na viatu vyake vyote kwa siku moja, na Panzi hakatai. Mwisho wa kila kitabu Panzi ameketi juu ya lundo la viatu, na wewe unasoma: "Nimechoka, ila nipo. Haya, lete kingine." Hapo ndipo nilipokuwa nalala.

Mama, hii kazi ya kuwahudumia wazee inanimaliza. Nawainua, nawaogesha, nawalisha, nikirudi chumbani nakaa kitandani na viatu miguuni, nashindwa hata kuvivua. Ndipo nikamkumbuka Panzi. Nikavitafuta vile vitabu kwa muuza vitabu vya mitumba, ili mchoraji anakili maneno yake. Mama, ule ukurasa hauna maneno! Kitabu baada ya kitabu, picha tupu. Kumbe yale maneno yalikuwa yako, ukiwa umetoka kufua.

Basi nikampa mchoraji barua yako mojawapo. Amemchora Panzi, na chini yake akanakili maneno vilevile, kwa mwandiko wako. Usinikasirikie.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nilikaa chini kama ulivyoniambia, na bado sijainuka vizuri.

Tatuu yenyewe ningeimeza. Mkono si ukuta, lakini ni wako. Sasa nikaenda kujisifu kwa jirani yetu Mwalimu, nikampa picha na ile miwani yake minene. Nikamwambia ona, hayo ni maneno yangu, tena kwa mkono wangu. Akaangalia. Kisha akasema, "Mama, hapa pameandikwa *hila*. Hila ni ujanja, ni udanganyifu. Wewe ulitaka kusema *ila*." Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kumbe miaka yote hii nakuandikia nimechoka ujanja nipo! Na wewe ulijua. Nilikusomesha wewe, ukajua, ukaenda kuuchora ujinga wangu kwenye ngozi, wazee wa watu wausome huku unawalisha. Haifutiki? Ni herufi moja tu, ile ya mwanzo. Mwambie mchoraji aiparue.

Mimi nilitolewa shule nikiwa ndiyo kwanza najua kuunganisha herufi, nikapelekwa kulea watoto wa shangazi. Kuandika sikuwahi kukuonea haya. Sasa naona haya. Hata hapo juu nimeandika "lakini", naliogopa lile neno. Kalamu naiweka chini.

Mamako

11 Mei

Kwa binti yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya. Madhumuni yake ni kukuarifu kuwa hali yangu ni ya kuridhisha. Shughuli za ufuaji zinaendelea ipasavyo. Hali ya hewa ni ya wastani. Nakutakia utekelezaji mwema wa majukumu yako.

Wako,
Mama (kwa mkono wa Mwalimu)

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Na wewe Mwalimu shikamoo, maana najua ndiwe unayemsomea.

"Hali ya hewa ni ya wastani"? Nani huyo anayeniandikia? Mgongo umeenda wapi? Mashine je? Nimeisoma barua nzima, mama yangu sijamkuta hata kwenye nukta.

Ni kweli, nilijua. Hata mchoraji aliniuliza, "Dada, ni *ila* au *hila*?" Nikamwambia fuata karatasi. Ningetaka neno sahihi ningemwachia yeye aandike, ana mwandiko wa kupendeza. Nilikutaka wewe, Mama. Huku sina mtu. Siku ya mapumziko namwaga barua zako kitandani nakaa nazo kama mtu aliyetembelewa. Ukiniachia Mwalimu, nitakuwa sina tena nyumbani, nina taarifa tu.

Sifuti. Ukinuna, nuna, lakini uninunie kwa mkono wako mwenyewe.

Mwanao

28 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Najua nimekuweka roho juu, nisamehe. Nilikuwa naanza barua nachana, naanza nachana. Mwalimu akataka kunisaidia tena, nikamwambia mwenye barua amekataa, anasema hakunikuta humo. Hapo sasa ndipo alipocheka, mpaka akashika ukuta. Akanipa kalamu yake.

Mgongo upo, haujaenda popote. Wamenitoa kwenye kufua wamenipeleka kwenye kukunja, kwa hiyo sasa yanauma mabega. Mashine haijatengenezwa, na tumeshaacha kuuliza. Vidole vimepasuka kwa dawa ya kufulia, ndio maana mwandiko umelala. Paa linavuja upande wa kitanda chako, nimekisogeza dirishani, utakikuta hapo. Baba yako mdogo ameitazama picha kwa ile miwani ya Mwalimu, anasema huyo si panzi, huyo ni chura amevaa mabuti.

Basi usifute. Nimechoka kununa, nayo ni kazi.

Humu ndani najua kuna niliyoyakosea, na mengine siyajui. Wewe cheka, cheka kwa sauti mpaka wazee wakuulize kuna nini. Lakini yaishie kwenye karatasi, mwanangu, usiyapeleke kwa mchoraji. Makosa ya mamako ni mengi, na wewe umekonda.

Mamako