Makofi ya Kwenye Mabano

Nkololo,
S.L.P. 37,
Bariadi, Shinyanga.
29 Novemba 1998.

Mpendwa mjukuu na mume wangu Nyanda,

Mwangaluka. Huko Dodoma hujambo? Kikohozi kimepona? Unakula ugali wa kushiba au unashindia chai? Mimi mkeo nipo, miguu inauma lakini mdomo ni mzima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Ngumbaru nilikwenda kujifunza, sikwenda kusinzia.

Zile karatasi za Hansadi, maneno ya wabunge uliyoninakilia kwa mkono wako, nimezipata. Ila bahasha ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Nani anasoma barua zangu? Siku nyingine mpe mtu anayekuja huku, tena umjue kwao.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mbunge wetu, Mheshimiwa Kasmiri, alisimama gulioni mwezi wa nane akasema josho letu la kuogeshea ng'ombe amelisemea bungeni mpaka sauti ikakauka. Wajinga wakampa mbuzi. Mimi nikakuagiza hizo karatasi. Nimemaliza betri kusikiliza Bunge redioni, na huyo sijamsikia hata akipiga chafya.

Basi nikasoma, kidole juu ya neno. "Mheshimiwa Spika, wananchi wa Nkololo wanaishukuru sana Serikali kwa kuwatengenezea josho." Halafu kwenye mabano wameandika: Makofi. Nyanda, nilipiga vigelegele! Nikasema kumbe Bunge lina watu, kasema uongo kazabwa palepale.

Nikampelekea Mwalimu Anatoli naye afurahi. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mayu, hakupigwa. Alipigiwa."

"Kwa uongo ule?"

"Kwa kushukuru, mayu."

Tangu siku hiyo sijacheka. Josho limejaa mbigili na mijusi tangu dawa ya serikali ilipokoma. Sasa wanasema soko huria, kila mtu anunue yake dukani mjini, na hiyo nayo naona wanaijaza maji, maana kupe wakiogeshwa ndiyo kwanza wananenepa. Ndigana, homa ya kupe, imeua ng'ombe watatu, na yule mwekundu wa pembe moja yumo. Walikuwa mahari yako hao, usidhani nalilia vyangu. Na kama karatasi zao zinasema josho lipo, nani atatukumbuka tena?

Na wewe nikuulize, usinune: hujaongeza neno? Una ulimi wa babu yako, namjua. Nenda ukanitafutie ukurasa huo wenye muhuri, maana atasema tumeughushi. Pekua mwaka mzima. Kama iko siku aliomba josho, hata mara moja, niletee na hiyo. Mimi simsingizii mtu.

Vifike kabla ya Noeli. Anakuja kuhutubia siku ya pili yake, na mwenyekiti nimeshambana: mkutano ni pale pale joshoni, aone alichokishukuru. Anatoli atasoma kwa sauti, mimi nitakaa mbele. Akifika penye mabano, anyamaze. Makofi nitaleta mimi.

Shangazi yako Generoza anakusalimu, anauliza kwa nini yeye humwandikii. Mdogo wako Masunga anasalimu pia, ndiye anayechunga hao waliobaki.

Mungu akupe afya, akuepushe na mbuzi wa gulioni.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Bibi yako na mkeo wa kwanza,
Wilhelmina.