Minyoo ya Plastiki ya Nyangwe

Nyangwe, kando ya Lualaba

Yaya wangu Riziki, dada mkubwa,

Ukiwa mzima huko Uvira, nami nitasema ni mzima. Mgongo umepoa? Na Mama, bado anagomea dawa? Rezo ya simu hapa imekufa tangu upepo uangushe mnara, ndiyo maana unahangaika na mwandiko wangu huu.

Nimesikia umenitafutia kazi dukani kwa mjomba. Asante, yaya, lakini sitaki. Na machimbo ya Salamabila sirudi kamwe. Tangu shimo limfunike rafiki yangu Saidi, nikishika sururu naitupa chini. Ila baba mkwe hakutaka kusikia habari hizo. "Mukwe, maji ikipunguka na hauleti samaki, utapanda pikipiki na wenzako ku Salamabila." Wenzangu ndio shemeji zangu wawili, wachimbaji.

Basi nikanunua soko la Kasongo pakiti ya minyoo ya plastiki, ile laini yenye mkia. Mke wangu Vumilia alipoikuta nyumbani akaihurumia. Akaizika kwenye kopo la udongo mbichi na kuinyunyizia maji, isife! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe mjinga zaidi ni mimi. Niliivalisha kwenye ndoana kama tunavyofanya na mnyoo wa kweli huko ziwani kwetu: naukunjakunja, ncha naiacha nje. Hapa chini ya mto ni mizizi mitupu. Kila nikitupa, nanasa mti. Watu wa kivukoni wakaniuliza kama nauza kuni.

Niliona haya, yaya, lakini sikuacha. Sasa naanza kupitisha risasi ya kuzamishia kwenye mshipi, ndipo nafunga ndoana. Ncha naichoma kichwani mwa mnyoo, naitoa chini kidogo, naivuta na kuigeuza ndoana mpaka kichwa kikae penye fundo, kisha ncha naizamisha tena mwilini ijifiche. Mnyoo lazima unyooke. Ukipinda, unazunguka ovyo majini na samaki anaukwepa. Ukiuweka hivyo unapita kwenye mizizi bila kushika kitu, na samaki akiuma, ncha inatokeza yenyewe.

Juzi nikatoa kambale, mzito hasa. Baba mkwe alimla, hata asante hakuna. Nikajua safari ya machimbo iko palepale. Asubuhi pikipiki ikaja, shemeji zangu wakapanda. Mimi nikasimama mlangoni, nimeapa moyoni hata wanifunge kamba siendi.

"Na ule mutu mwingine, hapandi?" dereva akauliza.

Baba mkwe akatoka na kikombe chake cha chai.

"Muende tu. Huyu iko na kazi ku mto."

Kwa hiyo mjomba amtafute mtu mwingine. Unisalimie yeye, na Mama mgomvi wa vidonge, na shemeji fundi cherehani, na jirani yetu anayekuchotea maji.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Bahati, mvuvi