Sauti Iliyopotea Katikati

Temeke, 4 Machi 1957

Mdogo wangu mpenzi Marijani,

Salaam nyingi, na dua ya dada yako iko nawe kila sala. Hujambo huko Tanga? Kile kifua chako kimepoa? Mkeo na watoto wanaendeleaje? Sie huku wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo wangu mie si mzima. Nakuandikia wewe kwa sababu ni ndugu yangu, tena fundi wa redio, na hapa sina wa kumwambia neno asilipeleke mtaa wa pili.

Unajua chama chetu cha kina mama, tunaimba kaswida na nyimbo za harusi. Basi alikuja Bwana Albano na mashine yake ya kunasia sauti kwenye utepe, akisema tukitoka vizuri tutasikika redioni. Tukajipanga ukumbini. Kwa heshima ya kiongozi, mie nikawekwa katikati kabisa, ngoma kubwa miguuni pangu. Kulia kikasimamishwa kile kichwa cha chuma wanachokiita maikrofoni, na kushoto kingine. Shoga yangu Mwajabu akasimama ubavuni, karibu na kile cha kushoto. Tuliimba, Marijani, mpaka wenye nyumba za jirani wakatoka nje.

Alipotuchezea ule utepe, mie simo. Nasikika kama mtu anayeimba chooni, nyumba ya tatu. Mwajabu ndiye anayesikika, kifua mbele, kama kiongozi ni yeye! Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja akasema, "Kumbe Mwajabu ana sauti hivi?" Mwenyewe akainamisha macho akacheka kidogo.

Sasa ngoja nikupimie. Nani alisema, "Somoe asimame kati"? Mwajabu. Nani alimpelekea Albano chai, akakaa naye karibu na mashine wengine tukipanga mikeka? Mwajabu. Nimesoma naye chuo cha Kurani, tumejifungua mwaka mmoja, na mwanawe Sadallah ndiye aliyemposa Mwanabaraka wangu. Mtu wa kunifuta mbele ya watu, nitampaje mwanangu? Nataka kuirudisha posa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Niambie, fundi anaweza kumfuta mtu mmoja katika utepe?

Dada yako, Somoe


Tanga, 13 Machi 1957

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Barua yako imenikuta salama, kifua kimetulia, wanangu wanakuamkia shangazi yao. Natumai na wewe umepoa kidogo.

Nakujibu kifundi. Mlipoimba pamoja sauti zenu zilishachanganyika kwenye utepe kama sukari kwenye chai. Kumtoa mmoja akabaki mwingine, mie siwezi, na simjui anayeweza. Lakini maikrofoni mbili zikiingia kwenye utepe mmoja, sauti inaweza kujiua yenyewe, kwa njia mbili. Usizichanganye.

Ya kwanza ni kuchelewa. Sauti inatembea. Maikrofoni iliyo mbali inaipata baada ya ile ya karibu. Fikiri watu wawili wanasukuma mkokoteni mmoja kwa upande mmoja, ila mmoja anachelewa kuanza. Mkokoteni utakwenda, kwa kurukaruka. Tena sauti nene ina hatua ndefu, nyembamba ina hatua fupi za haraka. Ukichelewa kidogo, mwenye hatua ndefu bado mko naye, mwenye hatua fupi ameshakuacha. Kwa hiyo kuchelewa kidogo kunaharibu sauti nyembamba, nene inabaki.

Ya pili ni waya kufungwa kinyume katika maikrofoni moja. Hapo hakuna aliyechelewa. Wote wanaanza pamoja, ila mmoja anasukuma mbele, mwingine anavuta nyuma, kwa nguvu ileile. Mkokoteni hauondoki. Nene na nyembamba zote zinakufa. Na anayekufa zaidi ni aliye katikati, kwa kuwa anafika kote sawasawa. Wa ubavuni anapona, maana maikrofoni moja inamsikia kuliko nyingine.

Kwa hiyo rudi kausikilize utepe, usijitafute wewe. Tafuta ngoma kubwa. Ikisikika, pengine ni kuchelewa. Ikiwa haipo, ni waya. Posa iache kwanza, nakuomba.

Mdogo wako, Marijani


Temeke, 21 Machi 1957

Marijani mwana wa mama,

U hali gani? Sie wazima. Maneno yako nimeyasoma mara nyingi, ya mkokoteni nimeyaelewa. Lakini barua ilichelewa njiani, posa nilikuwa nimesharudisha. Mwanabaraka hali chakula vizuri, hasemi nami ila "ndiyo mama" na "hapana mama".

Nilikwenda kwa Albano. Ngoma haipo. Ngoma ile, inayotikisa vyombo kabatini! Sasa na mie nakuuliza: ngoma anapiga nani? Hija, binti wa baba yetu mdogo. Basi wamefuta na damu yangu. Albano nilipomwambia habari ya waya alicheka, akasema waya zake kafunga mwenyewe. Si ndio hapo? Kafunga mwenyewe! Na nani alikuwa karibu naye?

Dada yako, Somoe


Tanga, 29 Machi 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Kwanza niliandika kama fundi, sasa naandika kama mjomba wa Mwanabaraka. Ngoma imekwambia ukweli, wewe unaiuliza imetumwa na nani.

Mwombe Albano asiguse waya hata mmoja. Kisha Mwajabu huyohuyo asimame ulipokuwa umesimama, aimbe. Akisikika, nitanyamaza na nitakuunga mkono mbele ya wazee. Asiposikika, utajua la kufanya kuliko mimi.

Nduguyo, Marijani


Temeke, 14 Aprili 1957

Mdogo wangu Marijani,

Nakuamkia kwa heri na baraka za mwezi huu mtukufu. Mko salama wote? Saumu inakwendaje na kifua hicho? Sie tunashukuru.

Nilikwenda kwa Mwajabu kwa miguu yangu. Hakunikaribisha ndani, tukaongea barazani. Nikamweleza. Akasema, "Yaani sauti yako imepotea, ukaja kuitafuta mfukoni mwangu. Na anayekufundisha ni ndugu yako. Nitajuaje kama hamjapanga na Albano mniaibishe tena?" Ilikuwa haki yake. Akasema, "Nitasimama. Lakini wawepo wote waliosikia siku ile. Na nitazikagua hizo waya mie mwenyewe kabla na baada."

Tukakutana, waya akazikagua kwa nje. Mwajabu akasimama kati, akaimba peke yake na ngoma, na Wallahi hajapata kuimba vile. Kisha akaimba tena ubavuni. Albano akacheza utepe. Ubavuni yupo, mzima. Katikati hayupo, wala ngoma. Albano mwenyewe akaacha kucheka, akazifungua zile maikrofoni, akakuta ya kulia waya zimepishana.

Mwajabu akatuzungukia kwa macho, mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Haya Somoe, na mie nani kanifuta?"

Nilimshika mkono nikamwomba radhi mbele yao. Hakuuchomoa mkono wake, ila haukunishika. Albano akageuza waya, akatuita tuimbe upya, kiongozi katikati. Tulipogeuka, Mwajabu alikuwa keshavaa viatu.

Nilimfuata mpaka njiani. Nikamwita, "Shoga." Akaniitikia, "Naam, mama Mwanabaraka." Miaka yote hii hajawahi kuniita hivyo. Akasema Sadallah bado anamtaka Mwanabaraka, yeye hatamzuia, lakini mtu aliyefukuzwa mlangoni harudi kwa kuitwa na aliyemfukuza. "Kama mna mwanaume, aje aseme."

Mwanaume wetu ni wewe. Waombe ruhusa matajiri wako wa kazini, uje useme nao kabla ya Idi. Hata usipopata ruhusa niandikie niwe najua. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako, Somoe