Viroboto wa Siku Yangu ya Kuzaliwa

Sneek, Jumanne, 18 Machi

Dada yangu mpendwa Baukje,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani, na goti lako je, limeshakubaliana na ngazi za hapo kwako? Knoop anakula vizuri? Najua ni ujasiri wangu kumuulizia paka huyo baada ya yale niliyomsemea, lakini namuulizia kwa moyo mweupe. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi magotini. Chini ya hapo nimejaa alama za kujikuna.

Nimekupigia simu mara sita hupokei, na sikulaumu. Kadi yako nimeipata. Umeandika mistari miwili tu, kwamba Jumamosi Knoop anapelekwa kwa mkulima mmoja huko Hasselt akalale zizini, na kwamba sitaumwa tena. Nakuomba, dada, usimpeleke kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Ukitaka kunikasirikia zaidi baada ya hapo, utakuwa na sababu nzuri kuliko uliyo nayo sasa.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye duara la viti, kila mtu na kikombe chake na kipande chake cha keki, tumeshapongezana wote kama ilivyo desturi, hata jirani yangu Wobbe amepewa hongera kwa kuwa mimi nimetimiza miaka sitini na tano. Mara shangazi Ymkje akaanza kujikuna kifundo kwa ncha ya kiatu. Akafuata mumewe. Muda si mrefu duara zima likawa linajikuna kwa adabu, macho yote kwenye keki. Wobbe ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akauliza, "Hiske, umetualika tule au tuliwe?" Watu wakaangua kicheko, nami kwa aibu nikakunyooshea kidole wewe na kikapu cha Knoop, nikasema mbele ya wote kwamba paka wako ndiye aliyeniletea uchafu ndani. Ulivaa koti ukaondoka na treni ya saa kumi. Keki yako hukuimaliza.

Kesho yake nilimwita mtaalamu wa wadudu. Anaitwa Tjalling, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na ingawa anawaua viroboto kwa mshahara, huwazungumzia kama mwalimu anavyowazungumzia wanafunzi watundu. Aliniuliza kama kuna mnyama ndani, nikamjibu kwamba alipita paka wa dada yangu. Akaniamuru nifyonze vumbi kila pembe kwa mashine, kisha akapuliza dawa chumba hadi chumba. Kochi la pembeni tulilipita, nilimwambia ni zito. Alipomaliza akanikataza kupiga deki kwa wiki mbili, maana maji yataondoa dawa. Mimi, Baukje! Siku ya tatu mikono iliniwasha kuliko miguu. Ilibidi nimpe Wobbe ndoo na dekio akanifichie kwake, na kila asubuhi ananipungia ile ndoo dirishani, mshenzi yule.

Wiki ikapita na bado naumwa. Tjalling akarudi, na safari hii alikuja na soksi nyeupe ndefu. Alizivaa hadi magotini akatembea pole pole sebuleni, akisimama kila baada ya hatua chache kuzitazama. Nilitembea nyuma yake kama mtoto. Mlangoni hakukuwa na kitu, karibu na meza walikuwa wawili, na kadiri alivyolisogelea kochi ndivyo soksi zilivyozidi kuwa na madoa meusi. Akamnasa mmoja kwa karatasi ya gundi, akamweka chini ya kioo cha kukuzia, akatazama sana. Kisha akasema, "Mama, huyu si wa paka."

Nilikwambia sikuzote sipendi wadudu, lakini aliponipa kile kioo nilisahau kujikuna. Kiroboto wa paka, alinieleza, ana vitana viwili vya meno meusi, kimoja shavuni na kingine shingoni. Huyu wetu shavu lake lilikuwa tupu, bali shingoni alikuwa na kitana chenye meno mengi, membamba, yamepangwa sawasawa. Ni kiroboto wa ndege. Anazaliwa kiotani, anajifunga ndani ya kifuko chake na kukaa humo majira yote ya baridi akisubiri. Akipata joto na kuhisi mtikisiko, anajua ndege wamerudi, anatoka. Nikauliza mtikisiko wa namna gani. Akasema hata wa miguu ya wageni unatosha. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama kuna kiota chochote ndani ya nyumba.

Nikamjibu hakuna.

Hakubisha. Alikunywa kahawa yake, akachukua biskuti moja, akapanda darini na tochi na kurudi mikono mitupu. Akasimama pale pale mbele ya kochi, soksi zimejaa madoa, akanitazama. Dada, sikuweza kuendelea kuficha. Nilikwenda mwenyewe nikalivuta lile kochi.

Nyuma yake, juu ya bomba la kupasha joto, kilikuwapo kijumba cha ndege cha Baba, kile cha mbao alichokitundika uani.

Ndicho hicho ulichokitafuta Novemba tulipokuwa tunaondoa mizigo nyumbani kwa Mama na Baba, baada ya Baba kufariki. Ulilia pale uani, nami nikakwambia lazima watu wa kubeba mizigo wamekitupa. Hawakukitupa. Nilikuwa nimekificha chini ya blanketi ndani ya gari langu. Wewe ulipata saa yake na mimi niliona sina kitu kilichoguswa na mkono wake. Nilikiweka bandani. Lakini siku yangu ya kuzaliwa ilipokaribia nikakumbuka kwamba wewe ndiye unayeingia bandani kila mwaka kuchukua viti vya duara, hivyo nikakihamishia ndani, penye joto. Viroboto niliwaleta kwa mikono yangu, nikawaamsha kwa wageni wangu, kisha nikamsingizia paka wako. Naona haya kuyaandika, na nimeyaandika.

Tjalling alitaka kukichoma kiota kilichokuwa ndani yake. Alipokifungua kwa koleo lake akaniita. Chini ya manyasi, kiota chote kimetandikwa nywele nyeupe ndefu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akichana nywele mlango wa nyuma na kukung'uta kitana uani, akisema ndege nao wana watoto wa kulaza? Na unakumbuka tulivyomgombeza Baba kwa kutokisafisha kile kijumba tangu Mama afariki? Baba aliziona nywele hizo, Baukje. Alijua kilichomo.

Nililia mbele ya mgeni. Alinisubiri nimalize, kisha akanifundisha nikifunge kwenye mifuko miwili na kukigandisha wiki mbili ili viroboto wafe. Kipo ndani ya friza, karibu na njegere, na ni chako.

Jana nilizunguka kwa wote waliokaa kwenye lile duara, mlango kwa mlango, nikawaambia ukweli. Shangazi Ymkje hakunikaribisha kahawa. Wobbe alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Kumbe mwizi alikuwa mwenye sherehe!" Nilimwambia ndivyo.

Kwa hiyo Jumamosi mwache Knoop alale kitandani kwako. Na ikiwa barua imechelewa, niambie ni zizi gani, nitakwenda Hasselt mwenyewe nikamrudishe. Msalimie, nawe nakuombea goti lipone. Ukija kuchukua kijumba, njoo naye kikapuni. Viti nitavitoa bandani mimi, hata kama ni viwili tu.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,
Hiske